Maisha ya Rais Kennedy na Funzo Lake Kwetu

Ndugu msomaji, mkulima wa Igogwe, katika vilima vya Rungwe, huamka asubuhi na ukungu ungali umelala juu ya migomba. Hushika jembe lake akaenda shambani, na jioni hurudi nyumbani kwake. Mambo ya Washington kwake ni habari za redio tu. Walakini mwaka 2025 ulimfundisha yeye, na sisi sote pamoja naye, kwamba kalamu ya mtu mmoja ng'ambo ya bahari yaweza kugusa kabati la dawa la zahanati ya kijijini. Tarehe 20 Januari ya mwaka ule Rais Donald Trump aliamuru misaada ya nchi yake kwa mataifa ya nje isimame ili ichunguzwe. Ilipofika tarehe 1 Julai, shirika la USAID, ambalo liligawa misaada hiyo kwa muda wa zaidi ya miaka 60, lilikuwa limekwisha fungwa, na kazi iliyosalia ikakabidhiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani.

Mengi yamesemwa juu ya yule aliyelifunga shirika hilo. Sisi leo twapenda kusimulia habari za yule aliyelianzisha. Mti ukianguka, mwenye busara hatazami shoka peke yake. Hutazama na mizizi, apate kujua ulikuwa umeshika wapi. Mtu huyo ni John Fitzgerald Kennedy, Rais wa 35 wa Marekani. Jina lake lilipendwa mno katika nchi zetu, hata wazazi wengi wa Afrika Mashariki wakawapa watoto wao.

Kennedy alizaliwa tarehe 29 Mei 1917 katika mji wa Brookline, karibu na Boston, akiwa mtoto wa pili katika watoto tisa. Alizaliwa katika utajiri, lakini ukoo wake haukuanza na utajiri. Wazee wake waliondoka Ireland katikati ya karne ya 19, wakati ugonjwa ulipoyashambulia mashamba ya viazi na njaa ikaua watu wapatao milioni moja. Mkulima wa Rungwe, ambaye naye hulima viazi mviringo na kuuogopa ugonjwa unaokausha majani yake, hahitaji kuelezwa maana ya msiba huo. Wakimbizi hao walipofika Boston walidharauliwa kwa umaskini wao na kwa dini yao ya Kikatoliki. Katika vizazi vitatu wakapanda ngazi: babu yake mzaa mama alikuwa Meya wa Boston, na baba yake, Joseph Kennedy, alitajirika sana katika biashara, kisha akawa balozi wa Marekani katika Uingereza kuanzia mwaka 1938.

Kijana huyu hakuwa na afya njema. Tangu utotoni aliandamwa na maradhi, na mgongo wake ulimtesa mpaka kufa kwake. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Harvard akamaliza mwaka 1940, na katika mwaka huo huo alitoa kitabu juu ya sababu zilizoifanya Uingereza ichelewe kujiandaa kupambana na Hitler. Vita vilipoifikia nchi yake hakujificha nyuma ya mali ya baba yake wala nyuma ya maradhi yake, bali aliingia katika jeshi la majini akapelekwa Bahari ya Pasifiki.

Huko ndiko lilikotokea jambo ambalo yafaa tulikumbuke kuliko mengine yote ya ujana wake. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti 1943, karibu na Visiwa vya Solomon, manowari ya Kijapani iliigonga mashua ya kivita aliyokuwa akiiongoza, ikaikata vipande viwili. Mabaharia wawili walikufa, na 11 wakabaki hai, Kennedy akiwa mmoja wao. Waliogelea kwa saa nyingi hadi kwenye kisiwa kidogo. Mmoja wao alikuwa ameungua vibaya, na Kennedy alimkokota majini akiwa ameuma kwa meno mkanda wa jaketi la kuokolea maisha la mgonjwa yule. Siku zikapita, chakula hawana, maji hawana, na adui yuko pande zote.

Waliowaokoa hawakuwa majemadari. Walikuwa vijana wawili weusi wa visiwa vile, Biuku Gasa na Eroni Kumana, waliokuwa wakipita kwa mtumbwi. Kennedy alichora ujumbe mfupi juu ya ganda la nazi kwa kisu, na vijana wale wakaupeleka kwa kupiga kafi maili nyingi katikati ya adui. Lau wangalikamatwa nao, wangaliuawa. Ujumbe ulifika, na mabaharia wakaokolewa. Ganda lile la nazi Kennedy alilihifadhi, na alipokuwa Rais lilikaa juu ya meza yake ya kazi. Basi kila alipotia saini sheria za taifa kubwa kuliko yote kwa nguvu, mbele ya macho yake palikuwa na ushahidi kwamba uhai wake ulikuwa umetegemea hisani ya watu wawili wasio na cheo wala mali.

Mwaka uliofuata kaka yake mkubwa, Joe, ambaye baba yao alikuwa amemwekea tumaini la kuwa mwanasiasa, aliuawa vitani akiwa rubani. Mzigo ukamwangukia John. Mwaka 1946 alichaguliwa kuwa mbunge, na mwaka 1952 akawa Seneta wa Massachusetts. Mwaka 1953 alimwoa Jacqueline Bouvier. Hakuna haja ya kukawia juu ya miaka hiyo, ila juu ya jambo moja linalotuhusu. Mwezi Julai 1957 alisimama katika Baraza la Seneti akailaumu Ufaransa kwa vita vyake katika Aljeria, na akailaumu serikali ya nchi yake mwenyewe kwa kuivumilia. Wakubwa wa vyama vyote viwili walimkasirikia, kwa kuwa Ufaransa ilikuwa rafiki yao. Baadaye alikuwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya Seneti iliyoshughulikia mambo ya Afrika. Wakati huo nchi zetu nyingi zilikuwa bado chini ya wakoloni, na wanasiasa wengi wa Marekani hawakuweza hata kuzionyesha kwenye ramani.

Mwaka 1960 Bwana Tom Mboya wa Kenya alikuwa akitafuta fedha za nauli kwa vijana wa Afrika Mashariki na ya Kati waliokuwa wamepata nafasi za masomo katika vyuo vya Marekani. Serikali ya Rais Eisenhower ilikuwa imekataa kutoa. Mboya alimwendea Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port mwezi Julai, naye mfuko wa hisani wa ukoo wa Kennedy ukatoa dola 100,000. Wapinzani wake walidai kuwa alikuwa akinunua kura za Waamerika weusi. Huenda hesabu ya kura haikukosekana, kwani mwanasiasa haachi kuhesabu. Lakini ndege ziliruka, vijana walisoma, na wengi walirudi kuzitumikia nchi zao.

Katika uchaguzi wa tarehe 8 Novemba 1960 Kennedy alimshinda Richard Nixon kwa kura zisizofika 120,000 kati ya kura karibu milioni 69. Alikuwa na umri wa miaka 43, na hakuna aliyepata kuchaguliwa kuwa Rais wa nchi hiyo akiwa kijana kuliko yeye. Pia alikuwa Mkatoliki wa kwanza kushika cheo hicho. Waumini wa Igogwe, ambako Kanisa Katoliki lina misheni na hospitali, labda watashangaa kusikia kwamba katika nchi iliyojisifu kwa uhuru wa dini, mamilioni ya watu waliogopa kumpigia kura mtu kwa sababu ya kanisa analosali. Ilimbidi awaendee wachungaji wa Kiprotestanti mjini Houston kuwaeleza kwamba katika kazi ya serikali hatapokea amri ya askofu yeyote.

Aliapishwa tarehe 20 Januari 1961. Siku tatu kabla yake, katika Katanga, Patrice Lumumba alikuwa ameuawa. Uchunguzi uliofanywa na Baraza la Seneti la Marekani lenyewe mwaka 1975 ulithibitisha kuwa majasusi wa nchi hiyo walikuwa wamefanya njama ya kumwua Lumumba kwa sumu katika siku za Rais Eisenhower, ingawa mauaji yenyewe yalifanywa na mikono mingine. Kennedy hakuitoa amri hiyo, lakini alirithi nyumba ambayo ndani yake mambo hayo yalitendeka. Miezi mitatu baadaye, mwezi Aprili, yeye mwenyewe aliruhusu uvamizi wa Kuba katika Ghuba ya Nguruwe, mpango uliotayarishwa na majasusi wale wale. Uvamizi ulishindwa vibaya, na aibu ikawa yake. Alikiri hadharani kwamba dhamana ni yake. Hatuwezi kumsifu kwa kuivamia nchi ndogo. Twaweza kusema tu kwamba hakumsingizia mtumishi wake.

Mwaka huo huo aliunda vyombo viwili vilivyofika mpaka kwetu. Tarehe 1 Machi 1961 alianzisha Kikosi cha Amani, yaani Peace Corps, chini ya shemeji yake Sargent Shriver, ili vijana wa Kimarekani waende kufanya kazi katika nchi changa kwa posho ndogo. Na tarehe 3 Novemba, akitumia sheria ya misaada aliyoitia saini mwezi Septemba, akaanzisha USAID. Siku 36 baadaye bendera ya Uhuru ilipandishwa Tanganyika.

Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea vijana hao. Tarehe 28 Agosti 1961 Kennedy mwenyewe aliwaaga katika bustani ya Ikulu yake wale waliokuwa wakienda Ghana na Tanganyika. Wetu walikuwa wapima ardhi, wahandisi wa barabara na wachunguzi wa miamba. Nchi yetu ilikuwa na wahandisi Waafrika wa kuhesabika kwa vidole, na mazao ya wakulima yalikuwa yakioza kwa kukosa njia ya kuyafikisha sokoni. Mtu anayekuja kupima barabara katika hali hiyo hawezi kuitwa adui.

Hata hivyo si wote waliowakaribisha kwa moyo mweupe. John Mwakangale, mwanasiasa wa nyanda hizi zetu za juu kusini, yule yule aliyemtafuta Nelson Mandela hotelini Mbeya mwaka 1962 ili ampokee, alisimama Bungeni katika miaka hiyo ya mwanzo akapinga wazi kuongezwa kwa vijana hao. Aliona kwamba kila wanapofika huzuka fitina za kuziangusha serikali. Wapo waliomcheka wakasema ana shaka kupita kiasi. Lakini mtu aliyekwisha ona yaliyompata Lumumba alikuwa na haki ya kuuliza nani anaingia nyumbani mwake.

Mwalimu Nyerere alikutana na Kennedy mara mbili katika Washington: mwezi Julai 1961, akiwa Waziri Mkuu wa nchi iliyokuwa mlangoni mwa Uhuru, na mwezi Julai 1963, akiwa Rais. Wote wawili walikuwa Wakatoliki, wote wasomaji wa vitabu, na walipishana umri kwa miaka mitano tu. Walipatana. Mwalimu hakwenda huko kuomba fedha peke yake. Alipeleka kilio cha ndugu zetu wa Msumbiji, Angola na Afrika Kusini.

Hapa ndipo tunapoona mpaka wa wema wa Kennedy. Mwezi Machi 1961 wajumbe wake katika Umoja wa Mataifa walipiga kura dhidi ya Ureno katika shauri la Angola, jambo ambalo Marekani haikupata kulifanya kabla ya hapo. Afrika ikashangilia. Lakini Ureno ilikuwa na visiwa vya Azores, na katika visiwa hivyo Marekani ilikuwa na kituo cha ndege za kivita ambacho mkataba wake ulikuwa ukiisha mwishoni mwa 1962. Ureno haikuhitaji kupiga kelele. Ilikumbusha tu tarehe ya mkataba. Sauti ya Marekani ikaanza kupungua. Kwa Afrika Kusini, mwezi Agosti 1963 Marekani ilitangaza kwamba haitaiuzia silaha tena kuanzia mwisho wa mwaka, lakini vikwazo vya biashara ilivikataa. Moyo wa Rais ulikuwa upande wetu, na kituo cha ndege kilikuwa upande wa Ureno, kituo kikashinda.

Mwezi Oktoba 1962 ulimwengu ulikaribia kuangamia. Urusi ilikuwa imeweka makombora ya kinuklia katika Kuba, na kwa siku 13 majemadari wa Marekani walimshauri Rais wao ashambulie. Kennedy alikataa kuharakishwa. Alikizingira kisiwa kwa manowari, akaandikiana na Bwana Khrushchev, na mwisho makombora yakaondolewa, naye kwa siri akakubali kuyaondoa ya kwake yaliyokuwa Uturuki. Mwaka uliofuata mataifa hayo mawili, pamoja na Uingereza, yalitia saini mkataba wa kukomesha majaribio ya mabomu ya kinuklia hewani, baharini na katika anga za juu. Kazi hii peke yake yatosha kumpa heshima mbele ya kila mzazi wa dunia hii. Lakini mtu huyo huyo aliongeza washauri wa kijeshi katika Vietnam mpaka wakafika karibu 16,000, na kutoka katika mbegu hiyo vikaota vita vilivyoua mamilioni.

Nyumbani kwake alikuwa na deni jingine. Mabalozi wa nchi mpya za Afrika, wakisafiri kwa gari kati ya New York na Washington, walikuwa wakinyimwa hata kikombe cha kahawa katika mikahawa ya njiani kwa sababu ya rangi yao. Kwanza Kennedy aliliona jambo hilo kama aibu ya kidiplomasia. Ilichukua mbwa na mipira ya maji ya polisi wa Birmingham dhidi ya watoto weusi, mwezi Mei 1963, kumfanya alione kuwa ni dhambi ya taifa. Tarehe 11 Juni aliwahutubia wananchi wake juu ya jambo hilo, kisha akapeleka Bungeni mswada wa haki za raia. Alichelewa, lakini alipofika, alifika kweli.

Hakuuona mswada huo ukiwa sheria. Tarehe 22 Novemba 1963, katika mji wa Dallas, alipigwa risasi akiwa garini pamoja na mkewe, akafa akiwa na umri wa miaka 46. Lee Harvey Oswald, aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo, aliuawa naye siku mbili baadaye akiwa mikononi mwa polisi. Msiba huo ulilia mpaka Afrika, kama kwamba aliyekufa ni wa kwetu.

Sasa tazama, ndugu msomaji, jinsi urafiki uliofungwa katika maisha ya mtu mmoja unavyofunguka. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 24 Novemba 1964, ndege za Marekani ziliwashusha askari wa Kibelgiji katika Stanleyville, nchini Kongo, na Afrika ikaona uchungu. Mwezi Januari 1965 serikali yetu iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Kimarekani kwa kuwashuku kuwa walikula njama. Mwaka 1969 Kikosi cha Amani kikaondoka nchini, kisirudi mpaka miaka kumi baadaye. Nchi ni zile zile, mikataba ni ile ile, mashirika ni yale yale. Kilichobadilika ni mtu na hesabu ya faida.

Tusiseme kwamba misaada ile haikufaa kitu. Hiyo itakuwa kukufuru neema. Mwaka 2003 Rais George W. Bush alianzisha mpango mkubwa wa kupambana na UKIMWI, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuingizwa. Katika mkoa wa Mbeya, uliokuwa umeumizwa sana na ugonjwa huo, watu waliokuwa wakingojea kaburi walisimama wakarudi mashambani. Watoto waliokuwa wawe yatima walikua na mama zao. Hilo haliwezi kusahauliwa wala halipaswi kusahauliwa. Lakini ndiyo maana mshituko wa 2025 ulikuwa mkali. Misaada yote ya nje ilikuwa karibu sehemu moja tu katika mia ya matumizi ya serikali ya Marekani. Kwao ni senti ya mwisho mfukoni; kwa mgonjwa wa kijijini ni kidonge cha leo jioni. Kitu kilicho kidogo kwa mtoaji na kikubwa kwa mpokeaji ni hatari, kwa kuwa mtoaji aweza kukikata bila yeye mwenyewe kusikia maumivu.

Azimio la Arusha, mwezi Februari 1967, lilikwisha tuonya kwamba fedha za wengine si msingi wa maendeleo yetu. Tulilikariri onyo hilo shuleni, kisha miaka ikapita, tukaacha hata dawa za uhai wa watu wetu ziandikwe katika bajeti ya bunge lisilo letu. Hili si kosa la Kennedy, wala si kosa la Trump. Rais wa Marekani huchaguliwa na Waamerika, na hesabu yake hutoa kwao. Kennedy, aliyetupenda, alipima urafiki wetu katika mizani pamoja na visiwa vya Azores. Tukitarajia asiyetupenda atumie mizani iliyo bora kuliko hiyo, kosa ni letu.

Basi tumkumbuke Kennedy kwa haki. Tumsifu kwa Aljeria, kwa nauli za wanafunzi, kwa wapima barabara, na kwa subira yake ya siku 13. Tusimfiche kwa Kuba na Vietnam. Na tukumbuke lile ganda la nazi. Siku ile baharini, tajiri ndiye aliyehitaji msaada, na maskini ndio waliokuwa na mtumbwi. Waliweza kumwokoa kwa sababu mtumbwi ulikuwa wao, kafi zilikuwa zao, na njia za maji walizijua wenyewe. Lau wangalikuwa wanangojea mashua ya kuazima, Kennedy angalikufa kwa kiu katika kisiwa kile, na historia hii yote isingaliandikwa.

Mkulima wa Igogwe hawezi kuchagua nani atakaa katika Ikulu ya Washington. Lakini diwani wake, mbunge wake, na bajeti ya nchi yake aweza kuvihoji, na swali la kwanza liwe hili: dawa za mwaka ujao katika zahanati yetu zimelipiwa na nani? Jibu likiwa ni sisi wenyewe, tutakuwa tumechonga mtumbwi. Na mwenye mtumbwi wake huweza kuwa rafiki wa mtu yeyote, mkubwa au mdogo, bila kumwogopa.